Neno "monsoon" na msimu wa wazee wetu



Wajukuu zetu wanaosoma kwa Kiingereza hukutana na neno "monsoon" katika somo la jiografia, wakaambiwa kuwa ni mvua kubwa za Bara Hindi. Maana hiyo ni sahihi, lakini ni tawi tu. Shina lake ni la Kiarabu, nalo limo vinywani mwetu tangu utotoni: msimu.

Asili ni "mausim", kutokana na herufi tatu: wau, sini na mimu. Kitenzi chake, wasama, ni kutia alama. Na alama ambayo Bedui humchoma ngamia wake ili ajulikane ni wa nani huitwa wasm. Mausim, basi, ni wakati uliotiwa alama: wakati wa Hija, wakati wa mavuno, wakati wa kutweka tanga.

Wareno, waliofika Malindi mwaka 1498 na kuiteka Maskati mwaka 1507, walilichukua neno hilo kwa mabaharia Waarabu, wakalitamka "monção", kwa king'ong'o chao. Waingereza nao wakalipokea kabla karne ya 16 haijaisha. Njiani maana ilibadilika: wakati ukawa upepo, na upepo ukawa mvua, kwa kuwa Kusi ndiyo iletayo mvua za Bara Hindi.

Kwa wazee wetu neno lilibaki na maana ya miadi. Majahazi ya Sur na Maskati yaliteremka na Kaskazi, kuanzia Desemba hivi, yamepakia tende na papa mkavu. Yakarejea na Kusi, kuanzia Aprili, na boriti za mikoko na karafuu. Aliyekosa upepo hakuwa na budi kungoja msimu mwingine. Katika kungoja huko watu walipanga vyumba, wakakopeshana, wakaoa, wakazaa. Wengi wetu tumetokana na kungoja huko.

Nasikitika nionapo wazazi wakiacha kusema Kiswahili na watoto wao, wakidhani kuwa elimu yote imo katika Kiingereza. Mtoto akiulizwa darasani, London au Maskati, maana ya "monsoon", na ajibu kama kitabu kisemavyo. Kisha aongeze kuwa Mwingereza aliliazima, na kwamba nyumbani kwao bibi yake hulitamka msimu.