Kutoka Lawama hadi Subira: Jinsi Watoto Wenye Usonji Walivyofundishwa



Katika vijiji vya wavuvi kando ya ziwa Tshangalele, kama vile katika mitaa ya Likasi, mtoto asiyeitika jina lake, asiyetazama watu machoni na anayerudia mchezo mmoja kutwa nzima hupewa hukumu upesi: amerogwa, au yeye mwenyewe ni mchawi. Kabla hatujawacheka wanaosema hivyo, tujue kwamba hata wasomi wakubwa walikosea juu ya watoto hao, na makosa yao yaliumiza jamaa nyingi.

Mwaka 1943, daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, alieleza habari za watoto 11 waliokuwa na hali hiyo, ambayo leo tunaiita usonji. Alidhani kwamba walizaliwa nayo, lakini aliandika pia kwamba wazazi wao walikosa uchangamfu. Neno hilo likazaa lawama. Kwa miaka mingi wataalamu, Bruno Bettelheim akiwa mmojawapo, walifundisha kwamba mama asiye na upendo ndiye chanzo. Mwaka 1964 Bernard Rimland, mwanasaikolojia na baba wa mtoto mwenye usonji, alitoa kitabu kuonyesha kwamba asili ya hali hiyo imo katika mwili na ubongo, wala si katika moyo wa mama.

Likabaki swali: mtoto huyo afundishwe namna gani? Huko Los Angeles, Ole Ivar Lovaas aligawa kila tendo katika hatua ndogo, na kila hatua iliyofaulu ikapata tuzo papo hapo. Lakini katika miaka ya 1960 alitumia pia vibao, hata umeme. Mwaka 1987 alitangaza kwamba kati ya watoto 19 waliofundishwa saa 40 au zaidi kila juma, 9 waliweza kusoma katika darasa la kawaida. Habari hiyo ilileta tumaini, na mabishano pia. Baadaye walimu wengi wa njia hiyo waliacha adhabu, wakabaki na hatua ndogo na tuzo. Na watu wazima wenye usonji wamepaza sauti: tusimlazimishe mtoto kuacha tabia isiyomdhuru mtu, ili tu afanane na wengine.

Katika North Carolina, Eric Schopler alipita njia nyingine. Tangu miaka ya 1960 aliwafanya wazazi, waliokuwa wakilaumiwa, kuwa walimu pamoja na wataalamu.

Historia hiyo yatufaa sisi. Mtaalamu wa saa 40 kwa juma hatuna. Wazazi, kaka na dada tunao. Mtoto asiyejua kunawa afundishwe kwanza kutia mikono katika beseni, tena asifiwe. Kesho aongezewe sabuni, kisha kusugua, kisha kusuuza. Akikwama, mshike mkono taratibu. Fimbo humfundisha kuogopa beseni, haimfundishi kunawa.

Sheria ya nchi yetu nayo imekwisha kusema. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto kwa uchawi. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 inaadhibu kosa hilo. Na sheria ya tarehe 3 Mei 2022 inalinda haki za watu wenye ulemavu. Lakini sheria haiingii jikoni wala uani. Huko twaingia sisi.

Basi, Dominika ijayo, mtoto akipiga kelele kanisani, asitolewe nje kwa hasira, wala mama yake asitazamwe kwa jicho baya. Mmoja wenu aende akaketi karibu naye. Mama huyo amebeba lawama za miaka mingi; nasi tumpunguzie mzigo, tusimwongezee.