Kasongo, lopitali iliyohesabu wamama



Neno "zoni ya afya" tunalisema kila siku, lakini ni wangapi kati yetu wanajua lilipitia wapi? Sehemu kubwa ya mpango huo ilijaribiwa Kasongo, kule Maniema, mji ule wa Tippu Tip.

Miaka ya 1970, waganga wa pale pamoja na wale wa Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp, Ubelgiji, walianza kazi iliyoitwa Projet Kasongo. Shida ya lopitali ya mji mdogo munaijua: dokta anamaliza siku na watu wa kikohozi na minyoo, na mwenye kuhitaji kupasuliwa analala kwenye mukeka akingoja. Wao wakagawa kazi. Kikohozi, malaria, chanjo na kupima wenye mimba vikaenda kwenye vituo vya afya, mikononi mwa wauguzi. Lopitali ikabaki na upasuaji na uzazi mgumu. Dunia ilipokutana Alma-Ata mwaka 1978, Kasongo walikuwa wamesha kuanza. Miaka ya 1980 Zaire yote ikakatwa zoni 306. Leo zimepita 500.

Lakini kitu kinachonishika ni hesabu yao ya uzazi. Walifuata wanawake zaidi ya 3.000 wenye mimba. Waliuliza: je, tukimjua mama ambaye uzazi wake wa mbele ulikuwa mbaya, tutajua nani mtoto atamkwama? Jibu likawa baya. Kati ya wale waliokwamwa kweli, asilimia 71 hawakuwa kwenye orodha ya hatari. Na kati ya waliowekwa kwenye orodha, asilimia 90 hawakukwamwa. Mimi mutu wa agronomi nimezoea kutazama shamba na kutabiri mavuno, hata kama mvua inaniaibisha mara kwa mara. Mimba haikubali hata utabiri wa namna ile.

Kwa hiyo yule mama mwenye afya, aliyezaa watano bila shida, njo yule yule anaweza kukwama saa nane za usiku. Kliniki ya kupima mimba ni ya lazima, juu inashika damu kidogo na presha, ila haiwezi kuchukua nafasi ya upasuaji ulio karibu. Naona nchi ilichukua kutoka Kasongo ngazi na ramani, haikuchukua sana usafiri wa kupanda ile ngazi. Vituo vimejengwa, hata sisi tunashona sare kwa sherehe ya kuvifungua! Mafuta ya pikipiki ya wagonjwa hayana sherehe.

Huku kwetu, uzazi ukikataa, njia ni ya Kamina. Usiku, jamaa wanaanza kwanza kutafuta mwenye pikipiki, kisha mwenye mafuta, kisha feza za lopitali. Mutoto hangoji hayo matatu.