Fataki za Moshi: kazi ndogo ndani ya vita kubwa

Mwaka 2004, kisha mapigano ya hapa Bukavu, wanafunzi walituletea maganda ya masasi darasani. Tuliwaonyesha kitako cha ganda: katikati kuna kitundu, na ndani yake kikombe kidogo cha madini chenye alama ya pigo. Kile ndicho fataki, kwa Kifaransa amorce. Bunduki ikiipiga, cheche inaingia ndani na kuwasha baruti. Ikiwa fataki imelowa, ama kitundu kimejaa uchafu na kutu ya kijani, risasi haitoki.

Basi tukawaeleza habari ya vita ya 1914-1918. Sisi wa Kivu tunaikumbuka vita ile kwa Idjwi, kisiwa walichokamata Wajerumani Septemba 1914, na kwa majeshi ya Tombeur yaliyovuka Ruzizi mwaka 1916, mpaka Tabora ikaanguka tarehe 19 Septemba. Lakini nani alitengeneza masasi? Hapo darasa zima lilinyamaza.

Upande wa Wajerumani, jibu moja liko Tanzania. Waingereza walikuwa wamefunga njia ya bahari. Tarehe 14 Aprili 1915, meli Rubens, iliyojifanya ya Wadenmark, ilishambuliwa karibu na Tanga, ikakwama katika ghuba ya Manza. Masasi yalitolewa majini, lakini chumvi ilikuwa imekwisha kuingia. Kila siku baruti na fataki zilizidi kuharibika.

Jemadari wao, Lettow-Vorbeck, ameandika mwenyewe kilichofuata. Katika mji wa Moshi, chini ya Kilimanjaro, askari, wamama na kila mtu aliyepatikana walifanya kazi ile tu kwa miezi: kufungua risasi mojamoja, kusafisha baruti, kubadilisha fataki zilizokufa kwa zingine za namna tofauti zilizopatikana kolonini. Hata hivyo, masasi waliyopewa askari wa bunduki, karibu 20 kwa 100 hayakuwaka. Yale ya zamani, yaliyo mazima, yaliwekwa kwa bunduki za rashasha.

Kazi ile ilimsaidia kuendelea kupigana. Alijisalimisha Novemba 1918 tu, kule Mbala, Zambia ya leo. Na kila mwezi vita ilipoongezeka, wabeba mizigo walizidi kufa njiani, wa pande zote. Wamama wa Moshi walisafisha masasi ya vita isiyokuwa yao.

Jina la jemadari tunalo, la meli tunalo. Ya wale wamama hayakuandikwa. Ndiyo maana tunawaomba wasomaji: mnapowauliza wazee habari za vita, msiulize tu nani aliamuru. Ulizeni pia nani alibeba, nani alipika, nani alisafisha. Na majina mtakayopewa, myaandike.