Haba na Habu: Vijiti vya Bitcoin na Njaa ya Nusu Ampea

Mpwa wangu wa Kilindoni, kisiwani Mafia, aliniuliza swali lililonichukua wiki nzima kulijibu. Ana paneli ya sola ya wati 100, ana betri iliyostaafu kazi ya gari, na amepata kwa bei ya kutupa vijiti kumi vya USB vya kuchimba bitcoin. Alitaka kujua anunue habu ipi, kile kifaa kinachogeuza tundu moja la USB kuwa mengi, ya kuvichomeka vyote kumi. Akishaipata, atavibeba hadi dagoni, vichimbe usiku na mchana wakati yeye yuko na nyavu. Akataja Shungimbili.

Nilimwambia Shungimbili aisahau. Kijisiwa kile cha mchanga, upande wa kaskazini-magharibi wa Mafia, ni eneo tengefu la bahari tangu 2007, pamoja na Nyororo na Mbarakuni, na siku hizi kina nyumba moja ya wageni wenye fedha nyingi kuliko bitcoin zote atakazochimba. Lakini kwa kukitaja alikuwa amegusa penyewe. Nguzo ya umeme ya TANESCO haifiki kule. Mahali pa namna hiyo kila wati ina mwenyewe: taa ikiwaka, kuna kitu kingine kinangoja zamu yake. Na historia ya vijiti vyake, tangu mwanzo hadi vilipoishia kuuzwa kwa bei ya kutupa, ni historia ya wati zilizohesabiwa vibaya.

USB ilizaliwa Januari 1996 kwa kazi za kikarani. Kampuni saba, zikiwamo Intel, IBM, Microsoft na NEC, zilichoshwa na kompyuta zenye tundu la namna yake kwa kibodi, jingine kwa mausi, jingine kwa printa. Mhandisi anayetajwa zaidi katika kazi hiyo ni Ajay Bhatt wa Intel, mzaliwa wa India. Walitaka tundu moja la kila kitu, na kwa kupitia matawi ya habu tundu hilo liweze kubeba hadi vifaa 127.

Umeme ndani ya mpango ule ulikuwa kama maji ya mgeni. Kifaa kikibisha hodi, kinapewa milliampea 100 kwa volti 5, kinywe kwanza. Kikihitaji zaidi kinajitambulisha na kuomba, na mwenye nyumba anaweza kukubali hadi milliampea 500. Nusu ampea, basi. Kwa volti 5 hiyo ni wati 2.5, na kwa miaka mingi wachache waliona kasoro, maana mausi haina njaa.

Habu isiyo na umeme wake iliishi ndani ya posho hiyohiyo. Inapokea milliampea 500 kutoka kwenye kompyuta, inajiwekea 100, zinabaki 400 za kugawa kwa sehemu za 100. Ndiyo maana habu nyingi za bei rahisi zina matundu manne. Zile zinazokuja na adapta ya kuchomeka ukutani ni nyumba nyingine: kanuni inazitaka zitoe milliampea 500 kwa kila tundu. Matundu saba ni ampea 3.5. Sasa chukua habu ya matundu saba, yoyote, ugeuze adapta yake usome maandishi madogo mgongoni. Mara nyingi utakuta ampea 2, na nimeshaona 1. Mtengenezaji alipiga hesabu ya kibinadamu: nani atachomeka vitu saba vyenye njaa kwa wakati mmoja?

Mwaka 2013 wakatokea watu wa kufanya hivyo.

Bitcoin yenyewe, sarafu ya mtandaoni, ilianza Januari 2009, na wachimbaji wa mwanzo walitumia kompyuta zao za nyumbani. Kuchimba ni kubahatisha namba. Mashine inajaribu jibu baada ya jibu, mabilioni kwa mabilioni, hadi mmoja popote duniani apatie na kulipwa. Wakati huo malipo yalikuwa bitcoin 50 kwa kila bloku, kufikia 2013 yakawa 25, na bloku hutoka takriban kila dakika 10. Mwaka 2010 watu walihamia kwenye kadi za michoro za kompyuta, zilizounguruma na kupasha chumba joto kama tanuri la mkate. Mwanzoni mwa 2013 zikafika chipu zilizotengenezwa kwa kazi hiyo moja tu. Kampuni moja ya China, ASICMiner, ikachukua chipu moja kati ya hizo, ikaibandika kwenye kibao kidogo chenye mdomo wa USB, ikakiita Block Erupter.

Kijiti hicho kilijaribu majibu zaidi ya milioni 330 kwa sekunde. Kilikula wati 2.5. Yaani waliomkaribisha mgeni mwaka 1996 walimtengea sahani, na miaka 17 baadaye akaja mgeni aliyeimaliza hadi punje ya mwisho, saa 24, bila kuondoka.

Mei 2013 kimoja kiliuzwa karibu bitcoin 2. Wanunuzi walifungua daftari: kwa ugumu wa uchimbaji wa mwezi ule, uliokuwa karibu milioni 11, kijiti kingeleta kama bitcoin 0.015 kwa siku. Siku 130 na ushei, pesa imerudi, inayobaki ni faida. Hesabu ilikuwa sahihi kwa siku ile tu. Mtandao wa bitcoin hupima upya ugumu wake kila baada ya bloku 2,016, na kila kijiti kilichouzwa kiliongeza ugumu kwa vingine vyote. Desemba ya mwaka huohuo ugumu ulikuwa umevuka bilioni 1. Kijiti kilekile, kwa kasi ileile, sasa kingehitaji miaka 38 kurudisha zile bitcoin 2.

Haya yameandikwa sana, kwa sababu ni kisa cha fedha na kisa cha fedha hakikosi msomaji. Yaliyopita kimyakimya ni yale yaliyotokea mezani. Wachimbaji wale waliponunua habu za matundu saba au kumi na kuzijaza, walikutana na adapta. Vijiti vitatu vinafanya kazi. Cha nne kinafanya kazi. Cha tano kinawaka taa ya kijani, na Block Erupter ilikuwa na kioja chake: taa ya kijani ikitulia, maana yake kijiti kimekaa bure, kikiwa kazini taa huzimika na kumetameta tu kinapopata kitu. Kwa hiyo mtu aliyeona mezani safu ya taa nzuri za kijani alikuwa anatazama mgomo.

Kilichokuwa kikitokea ni rahisi kueleza. Adapta ikizidiwa, volti zinashuka. Volti 5 zinakuwa 4.7, kisha 4.5, na waya mwembamba kati ya adapta na habu unakula sehemu yake nyingine na kuigeuza joto. Chipu inayokosa volti haifi. Inapotea, inarudi, inapotea tena, na programu ya kuchimbia inaiandika kwenye orodha kama mzuka. Watu walirudisha vijiti dukani wakidai ni vibovu. Vilikuwa na njaa.

Halafu joto. Kila kijiti kilikuwa na kibati cha alumini mgongoni, na matundu ya habu yamebanana kama abiria wa daladala saa 12 jioni. Vijiti vikikaa bega kwa bega vilichomana, na vingine vilikuwa vipana kiasi cha kuziba tundu la jirani. Dawa ikawa feni ndogo ya USB, nayo ikachomekwa kwenye habu ileile. Nayo inakula.

Balaa la tatu wengi hawakulijua hadi kompyuta ilipokataa kuwaka. Habu za bei rahisi hazina kizuizi cha umeme kurudi nyuma: umeme wa adapta unapanda kwenye waya wa volti 5 wa kebo ya USB hadi ndani ya kompyuta, nayo inajikuta inalishwa kwa mlango wa uani. Raspberry Pi, kompyuta ndogo iliyopendwa na wachimbaji kwa kuwa inakula kidogo, ilikuwa maarufu kwa kuwashwa hivyo hata ikiwa waya wake wenyewe umechomolewa. Mimi habu yangu ya kwanza niliinunua Kariakoo, ikachoma mlango mmoja wa kompyuta ya kazini, na muuzaji akanishauri ninunue nyingine kubwa zaidi.

Kutokana na shida hizi mafundi wakafika kwenye kanuni ninayoweza kumpa mpwa wangu kwa pumzi moja. Jumlisha njaa ya vijiti vyote, ongeza robo, halafu tafuta adapta yenye uwezo huo. Habu inakuja baadaye. Iwe ile inayopokea volti 12 na kuzishusha yenyewe hadi 5 ndani, kwa sababu wati zilezile kwa volti 12 zinapita kwenye waya kwa ampea chache, na upotevu unapungua. Iwe na kizuizi cha umeme wa kurudi. Na kwa mtu wa Mafia, asiiache wazi: hewa ya chumvi inakula miguu ya shaba ya matundu, na mguu wenye kutu ni njia nyembamba nyingine.

Vijiti vyenyewe viliendelea kunenepa. Bitmain ilitoa Antminer U1 iliyofanya bilioni 1.6 kwa sekunde kwa wati 2 tu, na huyo bado alikuwa mgeni anayeheshimu sahani. GekkoScience, karakana ndogo ya Marekani, ilianza na Compac mwaka 2015 na kuendelea na familia nzima, na mmiliki aliyekikaza kijiti chake kifanye kazi zaidi alikifikisha ampea 2 na kupita. Habu nyingi za dukani hazikuandaliwa kwa hilo. Hatimaye GekkoScience ikatengeneza habu yake yenyewe, ya matundu saba, yenye kulishwa kama mashine. Hapo habu ikaacha kuwa kifaa cha kompyuta ikawa kituo kidogo cha kugawia umeme.

Huku kwetu mambo yalikwenda kwa mwendo mwingine. Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tangazo la kukataza biashara ya sarafu za namna hii. Juni 2021, akifungua jengo la Benki hiyo Mwanza, Rais Samia aliwataka wakuu wake wajiandae na sarafu za mtandaoni badala ya kuja kukutwa hawako tayari. Sheria ya fedha ya 2024 ikaja na kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya mali za kidijitali, na serikali inayotoza kodi ina namna yake ya kukiri kuwa kitu kipo.

Walioingia kwenye uchimbaji wenyewe katika ukanda huu hawakugusa vijiti. Mwaka 2020 Hifadhi ya Virunga, mashariki mwa Kongo, chini ya mkurugenzi wake Emmanuel de Merode, iliweka makontena ya mashine karibu na mtambo wake wa maji wa Luviro, mahali penye umeme usio na mnunuzi. Nchini Kenya, mwaka 2022, Janet Maingi, Erik Hersman na Philip Walton walianzisha Gridless, inayopeleka makontena kwenye mitambo midogo ya maji vijijini, inanunua umeme uliobaki, na inazima mashine wanakijiji wanapouhitaji. Mashine moja ya makontena hayo hula zaidi ya kilowati 3; kwa wati hizo ungelisha vijiti 1,200 vya mwaka 2013. Lakini hesabu ni ileile ya mezani: kwanza jua umeme wako una kiasi gani, ndipo uhesabu mashine.

Mafia haina maporomoko ya maji. Kwa miaka mingi umeme wake umetoka kwenye majenereta ya dizeli, na mafuta hayo yalivuka bahari kabla hayajachomwa. Pale Ngombeni kulijengwa mtambo wa kuchoma magogo ya minazi mikuukuu, na sijui kama kuna wazo la Kimafia kuliko hilo. Lakini umeme wa kubaki, wa kumwagia mashine za kubahatisha namba, si wa kisiwa.

Nikampigia mpwa wangu hesabu yake. Vijiti kumi ni wati 25. Kwa saa 24 ni wati-saa 600, bado Raspberry Pi, bado upotevu wa betri. Paneli yake ya wati 100, kwa saa tano za jua kali, inazaa 500. Hata habu ya dhahabu haitazaa zile 100 zinazopungua. Akanyamaza, kisha akauliza kama akipunguza vijiti vikawa vitatu habu ya bei rahisi itatosha. Nikamwambia itatosha kabisa, na atachimba hadi wajukuu wake waanze kuvua.

Mwezi uliofuata nilikuwa Nyamisati nikisubiri kivuko cha kwenda Kilindoni. Karibu na gati kulikuwa na kibanda cha kuchaji simu, paneli juu ya bati, na juu ya meza habu nyeusi ya matundu saba, ya aina ileile iliyowatesa wachimbaji. Niliomba kuigeuza adapta. Volti 5, ampea 2. Mwenye kibanda hakuwa amewahi kusikia bitcoin. Simu nne zilikuwa zimechomekwa, za vibonyezo, na wateja wawili wamekaa kwenye benchi na simu zao mkononi wakingoja. Matundu matatu yaliyobaki alikuwa ameyaziba kwa utepe mweusi.