Sonona ya uzazi

Maradhi ya akili yanayompata mwanamke akiwa mjamzito au ndani ya mwaka mmoja baada ya kujifungua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea huwapata asilimia 15.6 ya wajawazito na asilimia 19.8 ya waliojifungua. Si yale machozi ya siku za mwanzo, ambayo hukoma yenyewe ndani ya wiki mbili. Mgonjwa hukosa usingizi hata mtoto akilala, hujilaumu, humwona mwanawe kama wa mtu mwingine. Kumwambia “jikaze, wewe ni mama” si tiba.

Kipimo cha Edinburgh cha 1987, cha kuitambua sonona hii, kina maswali 10. La mwisho linauliza kuhusu kujidhuru.

Kwa mama wa Mulongo, kando ya mto Lualaba jimboni Haut-Lomami nchini Kongo (DRC), hospitali ya magonjwa ya akili ya Lubumbashi ni mbali mno. Mkunga ndiye tegemeo. Kutibiwa karibu na nyumbani kunawezekana: nchini Pakistan, katika utafiti uliochapishwa 2008, wahudumu wa afya wa vijijini waliofundishwa mazungumzo ya tiba waliwatembelea wagonjwa majumbani; miezi 6 baada ya kujifungua, asilimia 23 walikuwa bado na sonona, dhidi ya 53 ya wenzao wasiopata mazungumzo hayo.

Anayewaza kujiua asiachwe peke yake. Apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo.