Kalibu, tundu na waya wa mukuba

Neno kalibu tulilipata kwa Waarabu, na wanaisimu wengi wanaamini kwamba shina hilo hilo ndilo lililozaa neno la Wafaransa calibre, la kutajia upana wa mtutu wa bunduki. Undugu huu una maana. Mwenye kumimina risasi, mwenye kumimina msalaba wa shaba na mwenye kuvuta waya wote wanatii sheria moja: umbo la chombo ndilo linaloamua umbo la kitu, na chombo kikikosea, kila kinachotoka humo kitakosea vile vile. Mjini Kolwezi, huku Katanga nchini Kongo, historia ya shaba huanzishwa kwa kawaida mwaka 1906, kampuni ya madini ya Union Minière ilipoundwa, au 1910, reli ilipofika Elisabethville (Lubumbashi ya leo), kana kwamba kipimo sahihi kilishuka kutoka kwenye behewa. Mimi nakataa. Katika ukanda huu wa mukuba, yaani shaba, kazi ya kipimo ilikuwapo karne nyingi kabla ya hapo, na ushahidi wake ulio imara ni bamba dogo la chuma lililotobolewa matundu.

Bamba hilo lilitumiwa na mafundi wa Wayeke, watu wa mfalme Msiri, ambaye mji wake mkuu ulikuwa Bunkeya. Fundi alianza na ufito wa shaba, akaufua kwa nyundo hadi ukawa mwembamba, akauchonga ncha, akaipenyeza tunduni, akaikamata kwa koleo na kuvuta. Kisha akahamia tundu dogo zaidi, na dogo zaidi tena. Hapa hakuna nafasi ya kubahatisha. Tofauti ya tundu moja na jingine ikizidi, waya hukatika. Ikiwa ndogo mno, nguvu zinapotea bure. Tena shaba inayovutwa huwa ngumu, kwa hiyo lazima irudishwe motoni ilainike, na anayejua wakati wa kuirudisha ni jicho na mkono wa fundi. Waya mwembamba kabisa ulizungushwa kwenye uzi wa nyuzinyuzi ukawa bangili, na bangili hizo zilisafiri mbali kwa biashara. (Dola hiyo ya Msiri iliuza pia pembe za ndovu na binadamu; ustadi wa mafundi haufuti jambo hilo.)

Kuna watakaosema kwamba ufundi huu si wa hapa: Wayeke walitoka upande wa Wasumbwa, magharibi mwa Tanzania ya leo, katika karne ya 19, wakaja nao. Ni kweli walitoka huko, na yawezekana walileta mbinu zao. Lakini katika makaburi ya Ingombe Ilede, kusini mwa Zambia karibu na mto Zambezi, yaliyogunduliwa mwaka 1960, wafu walizikwa na misalaba ya shaba, mafungu ya waya, nyundo, koleo na mabamba ya kuvutia waya. Makaburi hayo huwekwa kati ya karne ya 15 na ya 17. Basi kuvuta waya wa shaba kulijulikana katika eneo hili pana muda mrefu kabla Msiri hajazaliwa.

Pingamizi zito zaidi linahusu misalaba yenyewe. Misalaba ya shaba ya Katanga, iliyomiminwa kalibuni, haina uzito mmoja. Mtu akiipanga mezani ataona tofauti kwa macho. Usahihi uko wapi? Nadhani swali hili linachanganya kazi mbili. Msalaba ulihitaji kutambulikana na kuhesabika, waya ulihitaji kupita tunduni. Na hata misalaba haikubaki ilivyokuwa. Huko Sanga, kando ya ziwa Kisale, ambako wanaakiolojia Jacques Nenquin na Jean Hiernaux walichimba mwaka 1957 na 1958, na Pierre de Maret baada yao, makaburi ya zamani yana misalaba michache na mikubwa. Yaliyofuata yana mingi, midogo, inayozidi kufanana, mara nyingi karibu na mikono au kiuno cha marehemu. De Maret aliona humo safari ya kutoka kitu cha heshima hadi fedha. Kalibu zilikuwa zikikazwa kadiri matumizi yalivyodai.

Kwa nini basi ufundi huu ulikwisha? Si kwa udhaifu wake peke yake. Waya wa kiwandani kutoka ng'ambo ulikuja kwa bei ya chini, na mwaka 1900 kamati ya kikoloni, Comité Spécial du Katanga, ilipewa usimamizi wa ardhi na madini, hivyo aliyekuwa akichimba malakiti, jiwe lenye shaba, wakati wa kiangazi akageuka mgeni kwenye shimo lake. Mmisionari Jean-Félix de Hemptinne alipoandika juu ya “wala shaba” wa Katanga, yaani wayeyushaji wake, mwaka 1926, alikuwa akiandika juu ya kazi inayozimika. Msalaba ulibahatika: Katanga iliyojitenga na Kongo mwaka 1960 iliuweka kwenye bendera yake, mara tatu, na mwaka uliofuata kwenye sarafu. Waya ulivaliwa, ukakatika, ukayeyushwa upya, ukasahaulika. Leo shaba nyingi ya Kolwezi huondoka kwa malori ikiwa mabamba ya katodi, na tundu linaloigeuza waya liko ng'ambo ya bahari.