Uwiano wa Uhitimu, Wala Si Kiwango cha Kuhitimu

Tafsiri iliyonikera safari hii ina maneno matano: "kiwango cha kuhitimu cha wanariadha". Imo katika orodha ya istilahi za elimu iliyotufikia sisi walimu wa kusini mwa Lubero ikiwa imekwisha kupitishwa na kamati, na tangu hapo naisikia ikirudiwa kutoka Kayna hadi Butembo na Beni na watu ambao wangepaswa kuizuia mlangoni. Kinachotafsiriwa ni ile hesabu ambayo sheria ya Marekani ya mwaka 1990 inavilazimisha vyuo vikuu kuitangaza: kati ya wanafunzi walioanza mwaka mmoja, wangapi walipata shahada ndani ya muda uliowekwa, wachezaji mbali na wanafunzi wote mbali, ili watu walinganishe. Sheria hiyo ilipiganiwa bungeni na Bill Bradley, seneta aliyepata kuichezea Princeton na New York Knicks, pamoja na Tom McMillen, naye mchezaji wa zamani wa mpira wa kikapu. Watu hao walijua walichokuwa wakikidai. Walitaka mzazi ajue, kabla hajamtoa mwanawe kwa chuo, kama mtoto atarudi na shahada au na magoti mabovu.

Nianze na "wanariadha", kwa kuwa kosa lake ndilo jepesi. Riadha ni neno la Kiarabu lenye maana pana ya kuzoeza mwili, au hata nafsi, na Waarabu hulitumia kwa michezo yote. Kiswahili kimelifinya. Kwetu riadha ni kukimbia, kuruka na kutupa. Henry Rono, Mkenya aliyesoma Washington State na kuvunja rekodi nne za dunia mwaka 1978, alikuwa mwanariadha. Dikembe Mutombo wetu, aliyesoma Georgetown, hakuwa mwanariadha hata siku moja. Hesabu ya Marekani inawakusanya wakimbiaji na wacheza kikapu, na wacheza mpira, na waogeleaji. Aliyechagua "wanariadha" alifungua kamusi ya Kiarabu akasahau kufungua masikio. Neno ni wanamichezo.

Wapo wanaotaka "mwanafunzi-mwanamichezo", kwa hoja kwamba ndivyo Wamarekani wenyewe wanavyosema. Nalikataa kwa sababu ya asili yake. Walter Byers, aliyeiongoza NCAA, yaani jumuiya ya michezo ya vyuo vya Marekani, kwa zaidi ya miaka 30, alieleza mwenyewe katika kitabu chake cha mwaka 1995 kwamba jina hilo lilibuniwa ili mchezaji aliyeumia asije akadai fidia kama mfanyakazi. Ni jina lililotengenezwa na mwajiri dhidi ya mwajiriwa. Hatuna haja ya kuliunganishia kistari na kulipa uraia.

Sasa "kiwango". Kamusi huliweka karibu na kitenzi cha kale kuwanga, kilichokuwa na maana ya kuhesabu, na watetezi wake huko kamatini walinisomea jambo hilo kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa silijui. Lakini neno haliishi katika kaburi la babu yake. Leo kiwango ni kimo, ni ngazi, ni mstari uliochorwa ukutani ambao mtu anaufikia au hafikii. Mwambie mwalimu yeyote wa chuo mjini Butembo "kiwango cha kuhitimu", naye atakujibu papo hapo: kumi kwa ishirini. Ndiyo alama ya kupita. Mwanafunzi atafahamu vivyo hivyo, na mzazi vilevile. Istilahi ambayo kila mwenye akili timamu anaielewa vingine haijafa kwa bahati mbaya; imezaliwa mfu. Tena kwetu Kongo hatari ni maradufu, maana waliosomea mfumo wa zamani wakisikia chochote kinachofanana na "graduation" wanafikiria graduat, ile shahada ya miaka mitatu iliyotangulia lisansi ya miaka miwili kabla mfumo mpya wa LMD (lisansi, masta, dokta) haujaenezwa vyuoni kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022. Nimesoma maandishi ambamo mtu alitafsiri hesabu hii ya Marekani kana kwamba inahusu waliofikia graduat tu.

Kuhusu kuhitimu sina ugomvi, nina mapenzi. Mzizi wake ni ule wa Kiarabu wenye maana ya kutia muhuri na kufunga: barua ikikamilika hufungwa, ikatiwa lakiri. Kutoka hapo tumepata hatima, hatimaye na hitimisho. Tumepata hitima pia, kisomo cha Kurani kinachosomwa kwa ajili ya marehemu. Na kwenye pwani, zamani kabla ya vyuo vikuu, mtoto alihitimu alipoimaliza Kurani yote mbele ya mwalimu wake wa chuo, na neno chuo lenyewe lilikuwa kitabu kabla halijawa jengo. Wanaoingiza hatamu ya farasi katika ukoo huu wamechanganya herufi mbili za Kiarabu ambazo Kiswahili hakizitofautishi. Hatamu ina mzizi wake mwingine. Wapo pia waliopendekeza "kiwango cha mahafali". Mahafali ni mikusanyiko, sherehe, yale tunayoyaita hapa kolasyo: majoho, picha, nyama. Mtu anaweza kuhitimu asiende mahafali kwa kukosa nauli, na hesabu ya 1990 haimuulizi alivaa nini.

Kwa kuwa kuhitimu ni kutia muhuri, neno linatukumbusha pia kuuliza muhuri umefunga nini ndani. Katika Chuo Kikuu cha North Carolina, ripoti ya uchunguzi ya Kenneth Wainstein ya Oktoba 2014 ilionyesha kwamba kwa miaka 18 zaidi ya wanafunzi 3,100 walipewa alama katika masomo ambayo hayakuwa na mwalimu darasani, na karibu nusu yao walikuwa wanamichezo. Muhuri ulikuwapo, barua haikuandikwa. Bado nasema neno ni hilo hilo. Hesabu ikidanganywa, wa kulaumiwa ni mdanganyifu.

Basi istilahi yangu ni uwiano wa uhitimu. Niliipendekeza kwa barua, nikajibiwa kwamba uwiano ni neno "gumu kwa mwananchi". Jibu hilo limeniuma, na sioni haya kusema. Mwananchi anayejua kuwiwa, yaani kuwa na deni, atashindwaje kuujua uwiano? Mwia ni mdai. Mwiwa ni mdaiwa. Kuwiana ni kudaiana, kila upande ukiwa na chake kwa mwenzake, na kutoka hapo, naamini, ndipo lilipotoka wazo la pande mbili kusimama sawasawa katika mizani, wazo ambalo wanahesabu wetu wamelichukua kwa kuandika namba moja juu ya nyingine. Hakuna neno jingine katika lugha hii linalosema kwa mkupuo mmoja mambo mawili tunayoyahitaji: kwamba kuna namba mbili, na kwamba ya chini inaidai ya juu. Chuo kikimpokea kijana, kinawiwa. "Asilimia ya wahitimu", wanayoitumia wale wasiotaka kugombana na mtu, haisemi lolote kati ya hayo. Asilimia ni namna ya kuandika tu, na wahitimu hao ni asilimia ya nani?

Hapo ndipo penye kiini, na hapo ndipo wapinzani wangu waliponyamaza. Ile namba ya chini inataka jina. Kamati imeandika "kundi", neno linalotosha kwa mbuzi. Wengine husema promosyo, lakini promosyo ya kwetu hubadilika kila mwaka: waliorudia darasa wanaingia, waliokwama wanaachwa. Jina ni rika. Wagikuyu wa Kenya wanalo, riika, kwa waliotahiriwa pamoja, na sisi Wanande tunaijua maana yake vizuri kwa olusumba, jando la wazee wetu: walioingia pamoja ni rika moja mpaka mwisho wa maisha. Ukihamia Kisangani, u mwenzao. Ukishindwa maisha, u mwenzao. Hakuna anayekufuta ili hesabu ya waliobaki ipendeze. Hivyo ndivyo inavyotaka sheria ya Marekani: rika ni wale walioanza chuo kwa mara ya kwanza, kwa muda wote, katika msimu mmoja, wanapewa mara moja na nusu ya muda wa kawaida, yaani miaka 6 kwa shahada ya miaka 4, na wanaoruhusiwa kuondolewa ni waliofariki, waliopata ulemavu wa kudumu, walioingia jeshini, waliokwenda kutumika ng'ambo kwa niaba ya serikali au waliotumwa na makanisa yao.

Aone msomaji jinsi rika linavyofumbua mambo. Kocha John Thompson wa Georgetown alisifiwa kote kwamba asilimia 97 ya wachezaji wake waliokaa miaka 4 walipata shahada. Sifa hiyo anaistahili. Ndiye aliyetoka uwanjani Januari 1989 mbele ya umati kupinga kanuni ambayo aliona itawafungia vijana maskini weusi mlango wa vyuo. Lakini "waliokaa miaka 4" si rika. Ni mabaki ya rika. Mutombo alifika kwake mwaka 1987, kwa ufadhili wa masomo wa serikali ya Marekani, akitaka kuwa daktari; hakucheza mwaka wa kwanza, na mwaka 1991 alihitimu isimu na diplomasia, kisha akachaguliwa wa nne kuingia NBA. Sheria inamhesabu mwanamichezo kuwa ni yule anayeingia kwa msaada wa fedha za michezo. Mtu aliyeingia kwa mlango wa masomo kama yeye anahesabiwa katika rika la wanafunzi wote, hata akija kuwa mlinzi wa kikapu mkuu kuliko wote. Hayo "kundi" haliwezi kukuonyesha.

Mchukue na Oscar Tshiebwe wa Lubumbashi. Alianza West Virginia mwaka 2019, akahamia Kentucky, na mwaka 2022 akatajwa mchezaji bora wa vyuo vyote vya Marekani. Katika uwiano wa sheria, rika lake la West Virginia linamhesabu kuwa hakuhitimu, na Kentucky haimhesabu kabisa, kwa kuwa hakuanzia kwake. Jonathan Kuminga, mzaliwa wa Goma, aliruka chuo akaingia moja kwa moja katika ligi ya malipo. Hayumo katika rika lolote. NCAA, kwa kuona wanaohama wanavishushia vyuo namba, ilitunga hesabu yake: anayehama akiwa na alama nzuri anatolewa, anayehamia anaongezwa. Mwaka 2020 hesabu hiyo iliwapa wanamichezo wa daraja la kwanza asilimia 90, ilhali ile ya sheria ilikuwa karibu 70. Mwaka ule ule, daraja lile lile. Kwa hiyo tunahitaji majina mawili, na nayatoa: uwiano ghafi ni ule wa sheria, uwiano mchujo ni ule wa NCAA. Ghafi tunalo tayari katika pato ghafi, na mchujo kila mtu anaujua.

Ulinganisho wenyewe unataka uangalifu. Kwa uwiano ghafi, wanamichezo wa daraja la kwanza wakichukuliwa wote pamoja wanakwenda sawa na wanafunzi wengine au kuwazidi kidogo, na habari hiyo hutangazwa kwa tarumbeta. Lakini kanuni inamtaka mchezaji abaki mwanafunzi wa muda wote, la sivyo hachezi. Mwenzake asiyecheza anaweza kuanza kwa muda wote, kisha akapunguza masomo ili afanye kazi, akachelewa au akakoma. Mwanauchumi Woodrow Eckard alionyesha mwaka 2010 kwamba ukiwatenga hao, wachezaji wa kiume wa kikapu na wa mpira wa Kimarekani wanaonekana wako nyuma sana. Uwiano mmoja haujibu kila swali, ndiyo maana haupaswi kuitwa kiwango.

Hayo si mambo ya Marekani peke yake. Mwishoni mwa Juni 2024 vita vya waasi wa M23 vilipofika Kanyabayonga, kisha Kayna na Kirumba, watu walikimbilia Butembo na Beni, wanafunzi wakiwamo. Kwa uwiano ghafi kila aliyehamia chuo kingine ni hasara kwa alikoanzia, na huko alikofika haonekani. Anayetangaza namba za vyuo vyetu bila kutaja rika na bila kusema ni ghafi au mchujo atawaita watoto waliokimbia risasi kuwa wameshindwa masomo.

Matumizi ni mepesi: "uwiano wa uhitimu wa rika la 2021-2022, ghafi, ni kadha kwa mia." Ni hivyo tu. Lisansi ya LMD ni miaka 3, kwa hiyo muda wa rika ni miaka 4 na nusu. Nawaomba makatibu wa vyuo vya Butembo na Beni waitoe hesabu hiyo ya rika la kwanza la LMD kwa jina lake sahihi, na kamati iliyoniandikia kwamba neno langu ni gumu iirudie barua yangu na kuisoma hadi mwisho.